Seva chini ya meza ya TV

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Miezi miwili iliyopita nilivuta faiba nyumbani na ina kasi, haihesabiwi kwa MB kama bando la simu. Nina kompyuta ya mezani ya zamani, nimeiwekea Linux, nataka iwe seva: iwe na tovuti ya kwaya yetu, daftari la kikoba cha walimu (mimi ndiye mweka hazina), na seva ya Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kijana wangu na wenzake. Fundi mmoja kaniambia ni kazi ya dakika tano, nifungue tu poti kwenye ruta. Mwingine ananitisha kwamba nitadukuliwa. Hatari hasa ni ipi? Mimi ni mtu mdogo, nani ahangaike kunitafuta?

Jibu: Salama, Mwalimu, na hongera kwa faiba. Nianze na sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo inayowaponza wengi. Uko sahihi, hakuna anayekutafuta wewe. Ila huku mwizi hana haja ya kumtafuta mtu. Anapita mtaa mzima akijaribu kila kitasa, na mtaa wenyewe ni dunia nzima. Anwani za IP za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu inayoitwa ZMap ambayo, kwa laini ya gigabiti moja, iligonga poti moja (poti ni mlango wenye namba ambao huduma fulani ya mashine inausikiliza) kwenye anwani zote hizo kwa muda usiofika dakika 45. Kompyuta moja, laini moja. Siku hizi huduma kama Shodan inafanya kazi hiyo usiku na mchana na kuweka majibu hadharani, mtu akitaka kamera za aina fulani zilizo wazi katika nchi fulani anaandika tu na kupewa orodha.

Kuna jioni nilitaka kumwonyesha hili kijana aliyekuwa anajifunza kazi kwangu. Tulichukua Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, isiyo na kitu ndani, tukaifungulia poti 22, ule mlango wa SSH wa kuingilia kwenye mashine ukiwa mbali, tukaenda kula. Tuliporudi tulikuta logi, yaani kumbukumbu ya wanaojaribu kuingia, inateremka kama mvua ya masika. Jina root, nywila imekosewa. Jina admin, imekosewa. Kisha pi, ubuntu, oracle, postgres, test, halafu root tena kutoka nchi nyingine. Kijana akauliza, "Wamejuaje kwamba tumefungua?" Hawakujua. Walikuwa wanapita, kama walivyopita jana yake wakakuta pamefungwa.

Tovuti nayo ina wageni wake. Ukifungua poti 80 au 443, milango ya tovuti, kabla hata mwanakwaya mmoja hajafika utaona maombi ya kurasa ambazo hukuziweka: /wp-login.php, /phpmyadmin, /.env. Hilo la mwisho nalipenda kwa ubaya wake. Faili la .env ndimo waandishi wa programu wanamoweka nywila ya hifadhidata, na wapo wanaolisahau kwenye folda iliyo wazi. Roboti inauliza kila nyumba: umesahau? Wala usijifariji kwamba utaweka jina la siri ambalo watu wa nje hawalijui. Ukichukua cheti cha HTTPS cha jina hilo, linaandikwa kwenye rejesta za vyeti zilizo wazi kwa umma, na zipo roboti zinazosoma rejesta hizo muda wote. Jina linaweza kuanza kugongwa ndani ya dakika chache tangu cheti kitoke.

Sasa, kugongewa mlango peke yake hakuui. Kama nywila yako haikisiki na programu zako ni za karibuni, roboti zinagonga na kupita. Kwa hiyo hofu yangu haiko kwenye hiyo kompyuta ya zamani. Wakiiharibu utaifuta na kuanza upya. Hofu yangu ni majirani zake.

Hesabu vilivyomo kwenye Wi-Fi yako. Simu za nyumba nzima, ambazo ndizo benki zenu. Laptopu unayotungia mitihani. TV. Labda kamera ya getini. Vyote hivyo vinaishi nyuma ya ruta, na ruta kwa tabia yake ni kama ua: kinachotoka ndani kinaruhusiwa kupata majibu yake, kinachokuja kutoka nje bila kuitwa kinaachwa barabarani. Kwa hiyo vifaa vya ndani vinaaminiana. Printa haimuulizi mtu nywila, folda uliyoishirikisha kwenye Windows bila nywila inafunguka kwa yeyote aliye ndani. Ukifungua poti, umetoboa ua mpaka kwenye mashine moja. Mashine hiyo ikitekwa, mwizi hayuko tena barabarani. Yuko sebuleni, na kwa macho ya vifaa vingine yeye ni mwanafamilia.

Kama unadhani nakuza mambo, angalia yaliyowapata LastPass, kampuni ya kutunza nywila za watu. Mwaka 2022 wadukuzi walipoingia kwao mara ya pili, walipitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi mmoja. Ndani yake palikuwa na Plex, programu ya kuonyesha filamu na picha za familia, toleo la zamani lenye kasoro iliyokuwa imeshazibwa tangu Mei 2020. Mhandisi hakuwa amesasisha. Wakapandikiza programu inayorekodi kila kitufe kinachobonyezwa, wakapata nywila yake kuu, wakafika kwenye hifadhi za kampuni. Mtu wa kampuni ambayo kazi yake ni usalama, na mlango ukawa programu ya filamu.

Na kabla hujaweka seva yoyote, Mwalimu, huenda tayari unayo. Ulinitajia faiba, hukunitajia kamera, lakini nyumba nyingi nilizokagua zina DVR ya CCTV, kile kisanduku kinachorekodi picha za kamera, ambayo fundi aliifungulia poti ili mwenye nyumba aone geti lake akiwa kazini. Akaacha nywila ya kiwandani, akachukua hela yake, akaondoka. Wakati mwingine hata fundi hakufungua, DVR yenyewe iliiomba ruta kwa njia ya UPnP, utaratibu wa vifaa kujifungulia poti vyenyewe, na ruta ikakubali bila kumuuliza mtu. Hiyo ni seva ya umma kama seva nyingine yoyote. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai vilizagaa duniani kwa kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo sitini, basi. Havikuhitaji ujanja mwingine. Kamera, DVR na ruta za majumbani zikageuzwa jeshi, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo likaipiga kampuni ya Dyn ya Marekani hadi Twitter, Netflix na nyingine kubwa zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera wengi hawakuhisi kitu, labda intaneti kuwa nzito kidogo.

Nimeileta Mirai kwa sababu inatupeleka kwenye Minecraft ya kijana wako. Vijana watatu wa Marekani waliokiri mahakamani Desemba 2017 kuiunda walianzia kwenye ugomvi wa biashara ya seva za Minecraft: kuiangusha seva ya mwenzako ili wachezaji wake wahamie kwingine. Mchezo huu wa watoto una historia ya kushambuliana kuliko tovuti nyingi za watu wazima. Wakicheza wanne wanaojuana hakuna shida. Siku kijana atakapoisambaza anwani kwenye kundi, akamfukuza mtu mchezoni na mtu huyo akakasirika, atakayeshambuliwa ni laini ya nyumba yako. Mafuriko ya data hayachagui, yakiziba bomba hata simu ya WhatsApp ya mama haipiti, na hakuna cha kubonyeza kwenye ruta yako kitakachoyazuia, maana yameshajaza njia kabla ya kukufikia. Halafu kuna kasoro za programu yenyewe. Desemba 2021 ilipojulikana ile iliyoitwa Log4Shell, iliwezekana kuiteka seva ya Minecraft ya toleo la Java kwa kuandika mstari mmoja kwenye sehemu ya kupiga soga. Wenye seva walitakiwa kuweka toleo jipya siku hiyohiyo. Je, wewe siku hiyo ungekuwa unasimamia mtihani?

Hilo ndilo swali ninalowauliza wote wanaotaka seva nyumbani. Kuweka ni dakika tano kweli, fundi hakudanganya. Kutunza hakuna mwisho.

Kikoba nakukatalia moja kwa moja. Tovuti ya kwaya ikiharibiwa mtacheka. Daftari la kikoba lina majina ya walimu wenzako, namba za simu, pengine na za NIDA, nani kakopa shilingi ngapi na nani kachelewa kurejesha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Lakini hata ukiisahau sheria, fikiria kikao. Utasimama mbele ya walimu thelathini uwaambie nini? Na kuvuja ni upande mmoja tu, kuna kufungiwa. Januari 2022 visanduku vya kuhifadhia mafaili vya QNAP vilivyokuwa wazi kwenye intaneti, vingi vikiwa majumbani na kwenye ofisi ndogo, vilivamiwa na kitu kinachoitwa DeadBolt. Mwenyewe akitaka kuingia anakuta ukurasa wa kuingilia umegeuka barua: mafaili yamefungwa, lipa bitcoin 0.03. Kampuni iliwashauri wateja wake waondoe upesi poti walizofungua kwenye ruta na wazime UPnP. Ushauri mzuri, kwa wale ambao hawakuwa wameamka na barua.

Kabla sijafika kwenye suluhisho, huenda fundi wako atakwama palepale mwanzoni. Anwani za IPv4 zimeadimika, kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti hupanga wateja wengi nyuma ya anwani moja, utaratibu unaoitwa CGNAT. Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya upande wa WAN, yaani upande unaotoka kwenda intaneti. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, au na 10, uko ndani ya kundi hilo na kufungua poti hakutafanya kitu. Watu hulalamika, mimi naiona kama baraka isiyoombwa. Usikimbilie kulipia anwani ya umma ya kudumu kabla hujamaliza kusoma. Ukiwa na IPv6, mfumo mpya wa anwani, angalia kwamba fayawoli ya ruta (kizuizi cha wanaokuja bila kuitwa) imewashwa upande huo pia, kwa sababu huko kila kifaa kinaweza kuwa na anwani yake ya umma na ule ua wa zamani haupo. Usome na mkataba wako: vifurushi vingi vya nyumbani vinakataza kuendesha seva, na barua ya malalamiko ikija inakuja kwa jina lililosajili laini. Barua pepe usijaribu kabisa, anwani za majumbani zimo kwenye orodha za kukataliwa na ujumbe wako utaishia kwenye taka.

Kasi nayo tuiweke sawa. Kwenye vifurushi vingi ile namba kubwa ya tangazo ni ya kushusha, na seva inaishi kwa kupandisha. Tuseme kupandisha kwako ni Mbps 10, yaani kama megabaiti 1.25 kwa sekunde. Ukurasa wa kwaya wenye picha za MB 5 utachukua sekunde 4 kwa mtu mmoja. Jumapili baada ya ibada wakifungua ishirini kwa pamoja, ni sekunde 80 kwa kila mmoja. Umeme unaujua mwenyewe. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikizimika ghafla katikati ya kuandika, hifadhidata inaweza isiamke tena.

Sifa moja niwape wenye seva za humu nchini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa taabu, tovuti iliyohifadhiwa Tanzania ilikuwa na nafasi ya kuendelea kufikika kwa watu wa hapa, mradi kampuni zao za intaneti zinabadilishana data Dar es Salaam kupitia TIX, kituo cha kubadilishana data humu nchini. Seva ya kukodi Ujerumani haikuwa na nafasi hiyo. Ni hoja ya kukodi kwa kampuni ya hapa. Hoja ya kuweka seva sebuleni haijawa.

Basi mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Tovuti ya kwaya ningeitengeneza kwa kurasa za HTML pekee, bila WordPress (programu ya kuendeshea tovuti), na kuiweka kwenye huduma ya bure ya kuhifadhi kurasa za aina hiyo, mfano GitHub Pages au Cloudflare Pages. Haina hifadhidata, haina mahali pa kuingizia nywila, hakuna cha kuvunja. Mkihitaji zaidi, seva ndogo ya kukodi ni kama dola 5 kwa mwezi, mchango wa wanakwaya wachache. Ikitekwa, imetekwa huko, mbali na simu ya mkeo.

Kikoba, weka kwenye jedwali la mtandaoni la kampuni kubwa, lenye uthibitisho wa hatua mbili, na wapewe ruhusa wale viongozi tu. Ukitaka lazima likae kwenye mashine yako, lifikike kwa Tailscale au WireGuard pekee, yaani mtandao wa faragha ambao simu ya kila kiongozi imeandikishwa. Kwa nje hakuna kinachoonekana. WireGuard yenyewe haimjibu kabisa asiye na ufunguo, roboti inapita bila kujua kuna mlango. Tailscale ina faida nyingine kwako, inafanya kazi hata ukiwa nyuma ya CGNAT.

Minecraft hivyohivyo. Wenzake watatu au wanne waweke Tailscale kwenye kompyuta zao, wacheze. Asipende? Ana umri gani?

Ukibaki na hamu ya kitu cha umma kwenye ile kompyuta, na najua utabaki nayo kwa sababu hata mimi ninayo yangu, tumia taneli kama ya Cloudflare. Seva yako inapiga simu kwenda nje, wageni wanakuja kupitia kwao, na anwani ya nyumbani haionekani. Jua mambo mawili: wao wa katikati wanaweza kuona yanayopita, na taneli haizibi kasoro za programu yako. Mgeni mbaya atakayekuja kupitia taneli anaifikia tovuti ileile yenye tundu lilelile.

Kwa hiyo bado unahitaji kuitenga mashine. Njia rahisi ni ruta mbili, na hapa wengi wanakosea mpangilio. Wanaiweka seva nyuma ya ruta ya pili wakidhani wameifungia chumbani. Kinyume chake: kilicho nyuma ya ruta ya ndani kinaweza kutoka na kuvigusa vilivyo kwenye ruta ya nje. Weka seva kwenye ruta ya kampuni, ya nje. Nunua ruta ya pili, ivutie kebo kutoka tundu la LAN la ile ya kwanza hadi tundu la WAN la hii ya pili, na familia yote ihamie Wi-Fi ya hiyo ya pili. Kamera na TV zibaki nje pamoja na seva. Kisha jaribu mwenyewe: ukiwa kwenye seva, ipigie laptopu yako ping, amri ya kujaribu kama kifaa kinafikika. Isipojibu ni dalili nzuri, ingawa fayawoli ya laptopu yenyewe nayo inaweza kuinyamazisha. Ikijibu, huenda kebo umeichomeka kwenye tundu la LAN la ruta ya pili.

Kwenye seva yenyewe: SSH kwa ufunguo, nywila zimezimwa; masasisho ya usalama yajiweke yenyewe; na ukitumia Docker, programu ya kuendesha kila huduma kwenye kisanduku chake, uwe macho. Docker inaandika kanuni zake moja kwa moja kwenye iptables, orodha ya kanuni za fayawoli ya Linux, kwa hivyo ufw, programu ya kuisimamia fayawoli hiyo, itakuambia poti ya hifadhidata imefungwa wakati iko wazi kwa dunia nzima. Nimewahi kukaa nusu siku kwa mteja nikibishana na ufw kabla ya kukumbuka hilo. Ielekeze huduma kwenye 127.0.0.1, anwani ya mashine yenyewe, ili isikilize ndani ya mashine tu. Nakala rudufu iwe kwenye diski inayochomolewa na kuwekwa kabatini. Diski inayoshinda imechomekwa itafungwa pamoja na nyingine.

Kwa leo jioni, fanya moja tu. Ingia kwenye ruta, tafuta ukurasa wa UPnP na ule wa poti zilizoelekezwa, uone kama kuna chochote kimo ambacho hukukiweka. Ukikuta anwani ya DVR, mpigie fundi wa kamera aje abadilishe nywila mbele yako na aondoe hiyo njia. Ukikwama niandikie ukinitajia aina ya ruta na toleo la programu yake. Picha ya ukurasa unaweza kutuma, ila ziba nywila ya Wi-Fi kwanza. Wasomaji watatu mwezi huu wamenitumia ikiwa wazi.